Je, kompyuta inaweza kuchukua nafasi ya safari za uwandani?

Swali: Mimi ni mhadhiri msaidizi wa jiolojia hapa Dodoma. Fedha za safari za uwandani zimepungua, lakini tunazo kompyuta za kutosha na programu ya kuchorea ramani ya QGIS. Je, wanafunzi wa mwaka wa pili wanaweza kujifunza kuchora ramani za maji ya ardhini kwa kompyuta peke yake?

Jibu: Hapana, wala kosa si la QGIS, ambayo ni programu nzuri na haina malipo. Kinachonisumbua kila muhula ni imani kwamba ramani ikishatoka na rangi zake, kazi imekwisha. Mwanafunzi mmoja aliniletea ramani ya kina cha maji ya eneo lote la Bahi, iliyojaa buluu na kijani bila pengo hata moja. Nilipomuuliza vipimo vimetoka wapi, alinionyesha visima vitano, vitatu kati yake vikiwa kando ya barabara moja. Kwingine kote programu ilijaza kwa hesabu, kana kwamba maji yametandikwa chini ya ardhi kama shuka, ilhali katika miamba ya itale maji hukaa kwenye nyufa na katika tabaka la juu lililooza, hata visima viwili jirani vikatofautiana, kimoja kikitoa maji na kingine kikiwa kikavu.

Anza na penseli. Wachore kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kina sawa cha maji, kwa mkono na kutetea kila mstari, ndipo wawashe kompyuta, kisha wafute kisima kimoja waone ramani inavyogeuka. Halafu wapeleke kwenye kilima cha jirani, hata kwa miguu, wapime mielekeo ya nyufa kwa dira, kwa sababu pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya setilaiti ya Landsat ni mita 30 kwa mita 30 na ufa wa upana wa kiganja hauonekani humo. Pia wakiweka vipimo vya GPS vya mfumo wa majira-nukta wa WGS 84 juu ya ramani ya zamani ya mfumo wa Arc 1960 bila kubadili mfumo, kisima kitahama takriban mita 300, na kompyuta haitalalamika.

Imani hiyohiyo ndiyo mtaji wa wanaowauzia wanafunzi ramani zilizo tayari, na wa wale wanaopita vijijini na kompyuta mpakato wakionyesha "mkondo wa maji" kabla ya kupima chochote. Wanakijiji huchangishana, mtambo ukaletwa, na shimo likatoa vumbi. Anayekuonyesha ramani ya maji mwulize imetokana na visima vingapi na viko wapi. Akikosa jibu, usimlipe.