Daftari langu la michoro lina kurasa tisa tu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchoraji hapa Dar es Salaam. Kazi zangu huzifanya usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, kwa kuwa siku nyingine sipati wazo la maana. Mhadhiri wetu hutaka kuona na daftari la michoro ya awali, nami langu lina kurasa tisa tu tangu muhula uanze. Kwa hiyo nikishamaliza picha ndipo hukaa nikachora hiyo michoro ya awali ili kujaza kurasa. Safari iliyopita alinipa alama za chini, akasema haoni nilikotoka. Wenzangu husema msanii wa kweli husubiri msukumo. Je, nijilazimishe kuchora hata nisipokuwa na wazo?
Mwanafunzi, Sinza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hizo kurasa za kujazia, kwa sababu enzi za uanafunzi nami nilizichora, na mwalimu wangu aligundua kwa kutazama ukurasa mmoja tu. Mchoro unaochorwa baada ya picha kukamilika hauna makosa: mkono umekaa palepale ulipo kwenye picha, wala hakuna mguu uliofutwa mara tatu. Mhadhiri wako anatafuta huo mguu uliofutwa.

Kuhusu msukumo, nina shaka kubwa na ushauri wa wenzako. Fika siku moja kwenye soko la samaki la Feri, ukae karibu na wanaokaanga samaki, uchague mtu mmoja na kitendo kimoja, kwa mfano mama anayegeuza samaki kwenye karai. Hatakaa mkao mmoja kwa ajili yako, kwa hiyo hutawahi kuchora uso wala mikunjo ya khanga. Utawahi mstari wa mgongo na kiwiko kinachoinuka kila anapogeuza. Michoro kumi ya kwanza itakuwa mibaya, nayo usiichane. Mahali fulani baada ya hapo utaona kwamba kiwiko huinuka kwa sababu anaukwepesha mkono na mafuta yanayoruka, na kwamba bega la upande wa pili hushuka. Hilo ndilo wazo ulilokuwa ukilisubiri chumbani, na limekuja kwa kuwa mkono ulikuwa tayari kazini. Andika tarehe na sentensi moja chini ya ukurasa, kisha uondoke. Nusu saa inatosha, mradi iwe kila siku.

Ukirudi, usikimbilie turubai la kuchorea. Chukua kisanduku cha kiberiti, kizungushie penseli mara sita kwenye karatasi, na ndani ya kila umbo panga picha ileile kwa namna nyingine: karai mbele, karai pembeni, mama peke yake, mama katikati ya wateja. Katika umbo dogo namna hiyo huna nafasi ya kuremba, hivyo utalazimika kuamua giza likae wapi na mwanga ukae wapi.

Sasa huo usiku mmoja. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora hapa jijini mwishoni mwa miaka ya 1960 na akafariki mwaka 1972, kwa hiyo miaka yake ya uchoraji ilikuwa michache mno. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli. Rangi hiyo haikubali haraka: ukiweka madoa ya chui juu ya mandhari mabichi, yote yatachanganyika. Ndiyo maana wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, uliopewa jina lake, hupaka mandhari kwanza, wakaacha yakauke, ndipo wanyama, kisha madoa na mistari; na kimoja kinapokauka, kingine kinashughulikiwa. Nakushauri ufanye hivyo hata kama unatumia rangi za akriliki, ambazo kwa joto letu hukauka ukiwa bado unachanganya. Kuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja, na kila unapoacha moja, iache mahali ambapo unajua kesho utaanzia nini. (Ukitumia rangi za mafuta, usilale chumba kimoja na thina ya kuzimulia rangi.)

Tembelea pia Nafasi Art Space, Mikocheni, wasanii wanakofanyia kazi, ukazitazame hasa zile ambazo hazijakamilika. Picha iliyokwisha ukutani haikuonyeshi ilipitia wapi.

Kwa kazi ya muhula huu, mpelekee mhadhiri hizo kurasa tisa kama zilivyo, umwambie ukweli kuhusu zile ulizojazia, na umwombe wiki mbili uongeze za Feri. Akikataa, utakuwa umepoteza alama ambazo tayari ulikuwa unazikosa.