Maswali na majibu: Kwenda Mafia kumhesabu papa potwe

Kaskazi ikikaribia, simu yangu hujaa maswali ya vijana wanaotaka kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, kusaidia utafiti wa papa potwe. Nimekwenda huko misimu kadhaa na makundi ya wanafunzi na watu wa kujitolea, kazi yangu ikiwa kushika daftari chomboni. Maswali ya safari hii yametoka pia kwa wazazi na wavuvi, na hayo ndiyo yamenigusa zaidi.

Binti yangu yuko mwaka wa tatu chuoni, amechaguliwa kwenda Mafia kwenye utafiti wa papa. Sijalala vizuri tangu aniambie. Hao papa hawali watu? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Nakuelewa, maana kwetu pwani likitajwa neno papa mtu huona meno kwanza. Huyu anayefuatwa na kina binti yako ni potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wakubwa kabisa hufika mita 18. Wa Mafia wengi bado ni vijana, wa mita 4 hadi 9 hivi. Kinywa chake ni kipana, tena kina meno maelfu, lakini ni meno madogo mno na wala hayatumiki kutafuna. Chakula chake kikubwa pale Kilindoni ni uduvi, huu huu unaouunga kwa nazi nyumbani kwako. Huachama, maji yakaingia na kutokea kwenye matamvua, uduvi ukabaki. Nimeona watoto wa wavuvi wakiogelea pembeni yake na mama zao wapo ufukweni wanaanika dagaa.

Wasiwasi wako, mama, uuhamishie kwenye chombo. Muulize binti yako: majaketi ya kujiokolea yanatosha watu wote? Nahodha ni mwenyeji wa maji yale? Wenzake wakishuka majini, nani anabaki juu kuwahesabu? Na wakivuka kutoka Nyamisati, wapande kivuko, wasikubali kubanana kwenye mashua iliyojaza mizigo kwa sababu tu inaondoka mapema. Kiongozi wa safari asiyekuwa na majibu ya maswali hayo, mpigie mwenyewe. Una haki hiyo.

Mimi sijui kuogelea. Nikiomba nafasi nitakuwa mzigo? (Mwanafunzi, Morogoro)

Hapana. Omba.

Watu wanadhani utafiti wa papa ni kuzamia. Sehemu kubwa ni kukaa juani umeshika penseli. Mwandishi wa chomboni huandika saa mlipotoka, saa mliporudi, mahali kwa GPS, hali ya bahari, ndege walikoshuka, vyombo vyenye nyavu vilivyokuwa karibu, potwe wangapi walionekana na walikuwa wakifanya nini. Penseli, si kalamu, kwa kuwa wino ukipata maji ya chumvi siku nzima imepotea.

Msimu mmoja tulizunguka tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuona hata pezi. Mwanafunzi aliyekuwa na zamu ya daftari akafunga ukurasa ukiwa mweupe, akisema hakuna cha kuandika. Nikamwomba aufungue, aandike saa tano za kutafuta na chini yake sifuri. Potwe 40 walioonekana katika safari 10 si habari moja na potwe 40 walioonekana katika safari 40, na bila zile sifuri hakuna atakayejua tofauti. Yule kijana aliandika kwa shingo upande. Mwisho wa msimu yeye ndiye aliyekuwa akiwakumbusha wenzake.

Tena sifuri ina mambo yake. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa kusi ikiingia potwe wanahama Mafia, kwa kuwa hawaonekani. Watafiti wakawawekea vidude vinavyotoa mlio, wakatega vinasa-mlio chini ya bahari kuzunguka eneo lile. Matokeo yalitoka mwaka 2015: wengi walikuwepo mwaka mzima. Walisogea tu mbali kidogo na pwani na kushuka chini zaidi, macho yetu hayakuwafikia. Mzee mmoja nahodha wa Kilindoni nilipomsimulia hayo aliendelea kukunja kamba yake, akanijibu, "Kwani nani alikwambia wameondoka?"

Wote wana madoa meupe. Mnajuaje kuwa wa leo si yule yule wa jana? (Msomaji, Dodoma)

Kwa hayo hayo madoa. Kila potwe ana mpangilio wake, kama alama za vidole vyako, na haubadiliki anavyokua. Anayeshuka na kamera anatakiwa apige upande wa kushoto, nyuma kidogo ya matamvua, juu ya pezi la ubavuni. Upande wa kulia nao ukipatikana ni vizuri, ila wa kushoto ndio uliokubaliwa duniani kote ili picha ya Mafia iweze kulinganishwa na ya Msumbiji au ya Australia.

Kulinganisha kwenyewe hufanywa na kompyuta, na hapa pana jambo ninalolipenda mno. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, mtaalamu wa mambo ya anga, pamoja na Jason Holmberg na Brad Norman, walichukua hesabu iliyotungwa kwa ajili ya wanaastronomia kutambua makundi ya nyota kwenye picha, wakaigeuza isome madoa ya potwe. Kompyuta huunganisha madoa matatu matatu kuwa pembetatu, ikatafuta pembetatu za sura ile ile kwenye picha za zamani. Kwa njia hiyo potwe zaidi ya 100 wa Mafia wameshapewa namba zao. Jioni, picha zikifunguliwa, ghafla mtu anapiga kelele kwamba huyu wa leo alipigwa picha miaka minne iliyopita, mita chache kutoka hapo hapo. Chumba kizima huinuka.

Urefu nao haupimwi kwa kukisia. Kamera hufungwa leza mbili zilizoachana sentimita 50, zikaacha nukta mbili za kijani ubavuni mwake. Ukishajua nafasi kati ya nukta hizo, unapiga hesabu ya mwili mzima. Dume hujulikana kwa viungo viwili vinavyoning'inia nyuma ya mapezi ya tumboni. Na wa Mafia wengi ni madume. Majike wakubwa ni fumbo kila mahali: mwaka 1995 huko Taiwan alivuliwa jike mwenye mimba ya watoto wapatao 300, na kisa hicho ndicho kinachotajwa hadi leo kila swali la uzazi wa potwe linapoulizwa.

Nyinyi watafiti mkija na vijana wenu mnauliza potwe yuko wapi. Tunawaonyesha. Kesho tunasikia eneo linafungwa. Kwa nini nikwambie nilipomwona? (Mvuvi, Kilwa)

Ndugu yangu, swali hili nimelisikia pia Mafia, uso kwa uso, na aliyeniuliza alikuwa na haki ya kukasirika. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, na wapo wanaoona mpaka leo kwamba waliulizwa mambo yakiwa yameshaamuliwa. Siwezi kukuahidi kitakachoamuliwa na wakubwa. Naweza kukueleza kazi ile ilivyo.

Potwe wa Kilindoni wanakula upande wa magharibi wa kisiwa, nje ya eneo kuu la hifadhi, pale pale mnapozungusha nyavu. Hilo si bahati mbaya. Panapokuwa na uduvi, dagaa na vibua huja, na wewe unakuja. Ndege wanaokuongoza ndio wanaotuongoza sisi. Kwa hiyo anayemjua potwe kwanza ni mvuvi, na safari ya utafiti isiyoanza kwa kukaa na manahodha, ikanywa nao kahawa na kusikiliza, mimi naihesabu kuwa imeanza vibaya. Vijana wangu siku ya kwanza hawapandi chombo. Wanakaa dikoni asubuhi nzima, na marufuku kushika daftari mbele ya mtu kabla hawajasalimiana naye.

Kuhusu wavu. Potwe akizingirwa, najua unavyoumia roho: wavu wa ringi umejaa, na jitu lile likijitikisa linararua kila kitu. Nimeona manahodha wa Kilindoni wanavyofanya. Mzamiaji mmoja anashuka, anakandamiza kamba ya vyelezo upande mmoja mpaka izame mita mbili tatu, potwe anapita juu yake taratibu. Dagaa wachache hutoka naye, wengi wanabaki. Ni kazi ya dakika chache kama hakuna anayepiga makelele wala kumvuta mkia. Samaki huyu anakawia kukomaa, na tangu mwaka 2016 ameorodheshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kuwa yumo hatarini kutoweka, kwa hiyo kila anayetoka mzima ana maana.

Unachoweza kudai ni hiki: watafiti wakichukua habari zako, warudi. Waje na picha, na ramani, wakueleze kwa Kiswahili walichokipata. Kundi likiondoka bila kurudi mara ya pili, mwaka unaofuata wanyime habari. Nami nitakuwa upande wako.

Bibi yangu huku Msambweni humwita papa shilingi. Ni huyo huyo? (Msomaji, Kwale)

Ni huyo huyo. Simulizi ya pwani ya Kenya ni kwamba Mungu alipomwumba alipendezwa naye, akawapa malaika sarafu za dhahabu na fedha wamrushie mgongoni, na ndiyo maana huja juu ya maji, kushukuru. Mrekodi bibi kwa simu, leo kama unaweza. Muulize aliwaona miezi gani, na pepo zipi.

Na huku kwetu Oman wapo? (Msomaji, Maskati)

Wapo. Visiwa vya Daymaniyat, si mbali na hapo ulipo, huwapata kuanzia mwishoni mwa kiangazi. Na kule Qatar, kwenye uwanja wa mafuta wa Al Shaheen, hukusanyika kwa makumi kula mayai ya samaki wa jamii ya jodari. Ukimpiga picha upande wa kushoto, iweke kwenye hazina ya picha ya kimataifa. Haihitaji uwe mtaalamu.

Nimeambiwa wa kujitolea hulipa. Kujitolea gani huko? (Kijana, Mwanza)

Petroli ya chombo, nahodha, chakula na vitanda havitoki hewani, na miradi mingi huendeshwa kwa michango ya wageni. Wanafunzi wa vyuo vya hapa mara nyingi hugharamiwa, hivyo pitia kwanza chuoni kwako. Ukiombwa pesa, omba mchanganuo. Uliza pia kibali cha utafiti: watafiti wa kigeni hupewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mradi wa kweli haufichi kibali chake. Kama wanakuuzia tu kuogelea na papa, hiyo ni utalii. Utalii si dhambi, ila uitwe kwa jina lake.

Mnatukataza kumgusa, mbona nyinyi mnamchoma vidude? (Mwanafunzi, Zanzibar)

Umeuliza vyema. Ngozi yake mgongoni huweza kuwa nene kupita sentimita 10, na kidude huingizwa na mtaalamu mmoja mwenye kibali, mara moja. Bila vidude vile tungeendelea kudhani kusi inawafukuza. Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba kama swali linaweza kujibiwa na picha, lijibiwe na picha, na mwanafunzi asishike mkuki wa kuchomea vidude.

Ninyi mnaoshuka, kaeni mita 3 kutoka mwilini na 4 kutoka mkiani, bila mwanga wa kamera. Sababu utaielewa siku ya kwanza. Kijana wetu mmoja alinyoosha mkono, ncha za vidole tu, nyuma ya pezi la mgongo. Potwe alikuwa anakula kwa utulivu karibu nusu saa. Aliinamisha kichwa, mkia ukapiga mara mbili, akazama kwenye maji yale ya kijani kabla mpiga picha hajamzunguka. Tulingoja saa nzima, hakurudi. Daftarini tuliandika: dume, kama mita 6, upande wa kushoto haukupatikana.