Mama Unayerudia Kila Kazi ya Nyumbani

Dada akiosha vyombo, unasubiri atoke jikoni uvioshe upya. Mtoto akitandika kitanda, unakitandua. Saa tano usiku wenzako wamelala, wewe bado unapanga kabati, umechoka na una hasira na kila mtu. Naijua hali hii, ndivyo nilivyo.

Ikizidi, wataalamu huihesabu kuwa tatizo la haiba, yaani la namna mtu alivyozoea kufikiri na kuishi na wenzake. Si ule ugonjwa wa mtu kunawa mikono tena na tena kwa sababu ya mawazo yanayomwandama. Yule mara nyingi anatamani kuacha. Sisi tunaona tuko sahihi na wengine ni wazembe, ndiyo maana tunachelewa kutafuta msaada. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2013, DSM-5, unataja dalili 8, na daktari hutafuta angalau 4. Kupenda usafi peke yake si ugonjwa.

Kwetu shida hii inajificha ndani ya sifa. Unaitwa mke wa mfano, nyumba inang'aa, kumbe watoto wanaogopa kugusa kitu.

Kilichonisaidia ni kujiuliza kazi yenyewe ni ya nini. Chandarua ni cha kuzuia mbu. Mwanangu akikichomeka chini ya godoro pande zote, pasiwe na upenyo, basi kazi imekwisha, hata kama kimejikunja kama kamba upande wa miguuni. Mikono itakuwasha ukirekebishe. Toka chumbani, kakae barazani. Na usimwambie "vizuri, lakini…", maana mtoto ataondoka na hiyo lakini tu.

Chagua vichache usivyoweza kumwachia mtu. Mimi nimeshika dawa za watoto na ada za shule. Vingine eleza unavyotaka kabla kazi haijaanza, si mwenzako akiwa na povu mikononi, kisha mwachie.

Nanyi akina baba, msimwite mkeo mwenye gubu mbele ya watoto. Ndani yake kuna hofu kwamba mambo yataharibika, na neno "acha" haliipunguzi. Mwambie "hili niachie mimi", halafu ulimalize kweli.

Ndoa ikianza kuyumba, nendeni kliniki ya afya ya akili. Hospitali ya Muhimbili ipo Dar es Salaam, na ya Mirembe kule Dodoma. Tiba kubwa ni mazungumzo na mtaalamu. Nenda na mumeo ikiwezekana, kwani ataeleza mambo ambayo wewe unayaona ya kawaida.