Petroli Iliyowaka Tena Baada ya Kuzimwa

Swali: Nina gereji ya malori Uyole, Mbeya. Karai la petroli tunaloshea spea lilishika moto. Kijana wangu alipuliza mtungi wa unga wa kilo 6 katikati ya karai, petroli ikarukia sakafuni. Moto ulizimika, kisha ukawaka tena mtungi ukiwa umeisha, ikabidi tuufukie kwa mchanga. Mshale wa geji ulikuwa kwenye kijani. Kosa ni la mtungi au letu?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako mtungi ulikuwa mzima; kilichokosewa ni shabaha. Unga hutoka kwa kasi kubwa, na ukielekezwa kwa karibu moja kwa moja kwenye kimiminika huirusha petroli nje ya chombo pamoja na moto wake. Anayezima asimame umbali wa takriban meta 2 hadi 3, upepo ukiwa mgongoni na njia ya kutokea ikiwa nyuma yake, alenge ukingo wa moto ulio karibu naye, chini kabisa ya miali, kisha afagie upesi kushoto na kulia huku akiusukuma moto mbele bila kuacha ulimi wowote nyuma. Mtungi kama wenu kwa kawaida huisha kabla ya sekunde 20, kwa hiyo hakuna muda wa kujaribu.

Ama kuwaka tena, unga hukatiza mwako lakini haupozi. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika nyuzi 40 chini ya sifuri, hivyo baridi ya Uyole ya mwezi Julai haiwasaidii chochote, na bati la karai lililopata moto linatosha kuuwasha upya. Miali ikitoweka, endeleeni kulenga na mrudi kinyumenyume mkiutazama.

Ningewashauri muongeze mtungi wa povu, ambalo hufunika petroli na kuuzuia mvuke. Povu lipulizwe kwenye ukuta wa ndani wa karai, upande wa pili, litiririke lenyewe juu ya petroli. Maji msiyatumie, kwa sababu petroli huelea juu yake na kusambaa. Ikiwa mafuta yanavuja kutoka kwenye tangi, fungeni koki kwanza kama inafikika. Isipofikika, tokeni na mpige 114. Kuoshea spea kwa petroli, kwa kweli, ningekuacha kabisa: dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo mvuke wake ushike moto.

Mtungi ule ujazwe upya kabla ya kurudishwa ukutani. Hata uliopulizwa kidogo hujazwa, kwani chembe za unga hubaki kwenye vali na presha huvuja taratibu.