Kazi mbili, makato kila malipo, na bado nadaiwa kodi

SWALI: Dada, shikamoo. Niko Marekani, sijaoa, nina kazi mbili za kuajiriwa. Ya mchana, kwenye ghala, ilinilipa dola 38,000 mwaka 2024. Ya jioni, ya kuhudumia wazee majumbani, dola 26,000. Kote huko hati zangu za mshahara zinaonyesha nimekatwa kodi. Sasa aliyenijazia ritani, ile taarifa ya kodi ya mwaka, ananiambia nadaiwa dola 2,205 na serikali kuu! Mwenzangu wa kazini anasema kazi ya pili hutozwa kodi kubwa zaidi, afadhali niiache. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiache kazi kwa maneno ya mwenzako. Kila msimu wa ritani hunijia mtu na hadithi hiyo hiyo, na kila mwaka namjibu vilevile: hakuna kodi ya kazi ya pili. Serikali hujumlisha mapato yako yote ya mwaka na kuyatoza kwa pamoja. Wewe hukutozwa zaidi, ulikatwa pungufu.

Weka hati zako mbili mezani. Mwajiri wa mchana hamjui wa jioni, na kila mmoja anapiga hesabu kana kwamba ni yeye peke yake anayekulipa. Mwaka 2024 mtu asiye na ndoa alisamehewa kodi kwenye dola 14,600 za kwanza. Katika zilizobaki baada ya kutoa msamaha huo, 11,600 za kwanza zilitozwa asilimia 10, kisha asilimia 12 hadi kufikia 47,150, na zilizozidi hapo asilimia 22. Msamaha huo ni mmoja tu kwa mwaka, lakini wewe ulipewa mara mbili. Ghalani walikata kama dola 2,576, kazi ya jioni kama 1,140, jumla 3,716. Sasa jumlisha mishahara: 64,000. Toa 14,600 mara moja, zinabaki 49,400, na kodi yake ni 5,921. Tofauti ni hizo 2,205. Aliyekujazia ritani yuko sahihi hadi dola ya mwisho.

Halafu tazama hili: ni dola 2,250 tu za juu kabisa zilizofika kwenye asilimia 22. Wanaotishana kwamba ukipanda daraja la kodi mshahara wote unaliwa hawajawahi kupiga hesabu hii.

Dawa iko kwenye fomu W-4, ile uliyojaza siku ya kwanza kazini kumwelekeza mwajiri akukate kodi kiasi gani. Nahisi uliandika jina, ukatia sahihi, basi. Wengi hufanya hivyo huku karani anasubiri kalamu yake. Tangu fomu hiyo ibadilishwe mwaka 2020, hatua ya 2 imewekwa kwa watu kama wewe. Kwenye kipengele (c) kuna kisanduku kidogo. Ukiweka tiki, mwajiri anakupa nusu ya msamaha na anayakata madaraja ya kodi nusu. Ni lazima utie tiki kwenye fomu zote mbili. Kwa mishahara yako, ghalani wangekata kama 4,280 na jioni 2,128, na mwisho ungerudishiwa karibu 490. Njia hii hufaa pale mshahara mdogo unapozidi nusu ya ule mkubwa, kama ulivyo wako. Ukiwa chini ya hapo, utakatwa kupita kiasi mwaka mzima.

Mimi ningekuwa wewe, nisingeweka tiki. Inamdokezea bosi kwamba kuna mshahara mwingine mahali, na mabosi wengine hawalipendi hilo. Nenda hatua ya 4, kipengele (c), uandike kiasi cha ziada unachotaka kikatwe kila malipo. Ukilipwa kila wiki mbili, malipo ni 26 kwa mwaka: 2,205 kwa 26 ni takriban 85. Andika 85 kwenye fomu ya ghalani, ya jioni iache ilivyo, na hakuna atakayekuuliza sababu. Kama miezi imeshakwenda, gawa kwa malipo yaliyobaki. Fomu mpya unaipeleka siku yoyote, ila inaweza kupita kama mwezi kabla haijaanza kutumika, kwa hiyo kagua hati zinazofuata. Angalia mstari wa kodi ya mapato ya serikali kuu, asilimia 6.2 ya Social Security (pensheni) na 1.45 ya Medicare (bima ya afya ya wazee) hazihusiki na deni lako.

(Siku ukipata watoto, nafuu yao ya hatua ya 3 ijaze kwenye fomu ya mshahara mkubwa peke yake. Ukiijaza kote, utarudi hapa hapa.)

Kuhusu deni lenyewe, peleka ritani kabla ya Aprili 15 kupita hata kama mfukoni huna kitu. Kuchelewesha ritani kuna adhabu ya asilimia 5 ya deni kila mwezi. Kuchelewesha malipo ni nusu asilimia kila mwezi, pamoja na riba, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hukubali kulipwa kwa awamu ukiomba. Ipo pia adhabu ya kukatwa pungufu, kwa kuwa deni limefika dola 1,000. Toa ritani yako ya 2023 uangalie kodi yote ya mwaka ule. Ikiwa haikuzidi zile 3,716 ulizokatwa 2024, na ulikuwa mkazi mwaka mzima, adhabu hiyo haikuhusu.