Mbolea ya Kupandia Imechimbwa Wapi? Majibu kwa Wasomaji

Tangu nilipoandika kuhusu mbolea ya kupandia mpunga, wasomaji wameniletea maswali mengi juu ya fosfeti, mwamba unaochimbwa ndipo tukapata mbolea za DAP na TSP. Wengi hawakuuliza kiasi cha kutia. Wameuliza mwamba huo unatoka kwa nani na nani anaumia. Nimefurahi, maana kwa miaka mingi niliyotembea mabondeni hili lilikuwa swali nililojiuliza peke yangu.

*Assalamu alaikum bibi shamba. Mwanangu yuko chuo, amerudi likizo akaniambia DAP ninayotia kwenye majaruba yangu imechimbwa kwenye ardhi ya watu walionyang'anywa. Tangu siku hiyo kila nikifungua polo moyo unaniwia mzito. Nifanyeje?*
Mkulima wa mpunga, Cheju

Waalaikum salaam kaka yangu. Mwanao hakusema uongo, ila hadithi hakuimaliza.

Urea hutengenezwa kwa nitrojeni inayotolewa hewani. Fosforasi, chakula cha mmea kilichomo ndani ya fosfeti, haina njia hiyo. Lazima ichimbwe, na akiba yake Mwenyezi Mungu ameiweka mahali pachache. Moroko, ukihesabu na Sahara Magharibi inayoikalia, inakisiwa kuwa na asilimia 70 hivi ya akiba yote inayojulikana duniani. Huko Sahara Magharibi kuna mgodi wa Bou Craa. Fosfeti yake inapanda kwenye mkanda wa kiasi cha kilomita 100, unakatisha jangwa mpaka baharini, inapakiwa melini. Wasahrawi, wenyeji wa nchi hiyo, kwa maelfu wanaishi katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria, tangu katikati ya miaka ya 1970. Wamezaliwa watoto na wajukuu humo. Nchi yetu Tanzania iliitambua jamhuri yao mwaka 1978, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu hata kidogo. Mei 2017 meli iliyobeba zaidi ya tani 50,000 za fosfeti hiyo kwenda New Zealand ilizuiwa Port Elizabeth, Afrika Kusini, na mwaka uliofuata mahakama ya huko ikasema shehena ile ni mali ya Wasahrawi.

Sasa sehemu ambayo mwanao hakuifikia. Fosfeti nyingi ya Moroko inatoka Khouribga, ndani ya mipaka yake inayokubalika. Nyingine inachimbwa China, Urusi, Marekani, Jordan na Saudia. Polo lako litakwambia, likibahatika kuwa na maandishi yanayosomeka, nchi ilikotengenezwa mbolea. Mgodi halikutajii. Kwa hiyo huwezi kujua kama polo hili ndilo lenye dhulma au si hili.

Halali na haramu waulize masheikh, mimi si mahali pangu. Kwa nionavyo mimi, aliyenunua mapolo mawili ili alishe wanawe hakumnyang'anya mtu. Wanaonunua kwa meli nzima, na serikali zinazotoa ruzuku kwa pesa za wananchi, hao ndio wenye nguvu ya kumuuliza muuzaji mgodi ni upi na kukataa asipojibu. Nyinyi wa Cheju mna ushirika. Liandikeni swali hilo, mlipeleke kwa wanaowaletea pembejeo, na mdai jibu la maandishi. Halafu usiitie kwa mkono wa kufumba macho. Kwenye polo la kilo 50 la DAP, fosforasi yenyewe ni kilo 10 hivi. Tani moja ya mpunga inaondoka shambani na kilo 2 hadi 3. Fanya hesabu kwa mavuno yako ya kweli, utaona wengi wetu tunamwaga zaidi ya tunachovuna, hasa kwenye majaruba yaliyotiwa mwaka hata mwaka.

*Bibi, mwalimu ametupa mjadala: "Uchimbaji wa fosfeti una hasara kuliko faida." Mimi nimepangwa upande wa hasara. Nisaidie.*
Mwanafunzi wa sekondari, Chake Chake

Mjukuu wangu, anza na Nauru, wenzetu wa kisiwani watakuelewa haraka. Ni kisiwa cha Bahari ya Pasifiki chenye kilomita za mraba 21 tu. Unguja ni kubwa kuliko Nauru zaidi ya mara 70. Fosfeti ilianza kuchimbwa huko mwanzoni mwa karne ya 20, ikarutubisha mashamba ya Australia na New Zealand. Walipopata uhuru mwaka 1968 na kuuendesha mgodi wenyewe, waliendelea kuchimba kwa sababu ndio mkate uliokuwepo. Leo karibu asilimia 80 ya kisiwa imechunwa. Udongo uliokuwa katikati ya miamba ya matumbawe umekombwa, miamba imebaki imesimama kama meno. Kama umewahi kupita maweni ya Makunduchi peku, fikiria uwanda ule, uondoe hata kile kidogo cha udongo kilichomo kwenye mashimo ya mawe, kisha uambiwe ulime. Mwaka 1989 Nauru iliishitaki Australia kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 1993 wakamalizana kwa fidia ya dola milioni 107 za Australia. Udongo haukurudi.

Hasara ya pili iko kiwandani. Mwamba hauyeyuki kwa urahisi, kwa hiyo husagwa na kuchomwa kwa asidi ya salfuriki. Kila tani moja ya asidi ya fosforiki inayopatikana huacha nyuma kiasi cha tani 5 za taka iitwayo fosfojipsamu, yenye chembe za mionzi zilizokuwa ndani ya mwamba. Hurundikwa ikawa vilima. Florida, Marekani, mwaka 2021, bwawa la maji machafu juu ya kilima kimoja kama hicho, Piney Point, lilianza kuvuja, na zaidi ya lita milioni 800 zikaelekezwa kwenye ghuba ya Tampa ili bwawa lisipasuke. Gabès, Tunisia, taka hiyo imemwagwa baharini kwa miaka zaidi ya 40, na wavuvi wa pale wanalia hadi leo.

Upande wa pili watakujibu kwamba bila fosforasi hakuna mmea, na hakuna kitu kingine kinachoshika nafasi yake. Hiyo ni kweli, usiibishie. Waulize tu kwa nini gharama yote anaibeba anayekaa jirani na shimo.

*Nilinunua unga wa fosfeti wa Minjingu nikatia kwenye matikiti na tungule zangu. Sikuona tofauti yoyote. Nimeibiwa?*
Mkulima, Makunduchi

Huenda hukuibiwa, dada. Fanya jambo hili kwanza: chukua konzi ya udongo wa shamba lako uliokauka, ukamulie ndimu. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa nyingi ndani yake, na fosfeti mbichi ya Minjingu haitayeyuka humo.

Nimeliona kwa macho yangu shamba la uwandani lililotiwa unga huo kabla ya masika. Baada ya mavuno nilifukua kwa kidole kwenye shina la tikiti lililonyauka, nikakuta unga umekaa vile vile, rangi ya kijivu, umegandana kama majivu yaliyonyeshewa. Mizizi ilikuwa imeupita pembeni. Kilo zote zile zimetoka Manyara, zimevushwa bahari, na hazikumfaa mtu.

Unga huo unataka udongo wenye uchachu. Ndugu zetu wa Pemba wenye udongo mwekundu wa vilimani wana nafasi nzuri zaidi ya kufaidika nao, ingawa hata wao wasitegemee maajabu msimu wa kwanza. Wewe wa uwandani tia mboji na samadi ya ng'ombe au ya kuku kwenye shimo lenyewe la kupandia. Ukitaka ya dukani, iwe iliyokwisha kuyeyushwa kiwandani, kifuniko kimoja cha soda kwa shimo. Na kabla ya kutumia pesa tena, peleka udongo ukapimwe kwenye kituo cha utafiti wa kilimo Kizimbani.

Kwa kuwa umeitaja Minjingu, niseme. Ule ni mwamba wa kwetu, uliotokana na mifupa na vinyesi vya ndege, mnandi zaidi, waliokuwa wakikaa pale zamani Ziwa Manyara lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo sasa. Wengine huona kwa sababu ni wa nyumbani basi hauna lawama. Una urani, madini yenye mionzi, nyingi kuliko fosfeti za kwingi duniani, na wanaoivuta vumbi yake kila siku ni vijana wa pale pale. Tukiwahurumia Wasahrawi tuwahurumie na hawa: barakoa za kweli, maji safi, vipimo vya afya vinavyofanywa na matokeo wakapewa wenyewe. Wewe pia ukiumwaga unga, funga kitambaa puani na upe upepo mgongo.

*Sisi akina mama wa mwani tunaambiwa mbolea ya wakulima ndiyo inayoua mwani wetu. Ni kweli?*
Mkulima wa mwani, Paje

Kwenu upande wa mashariki, shoga yangu, wakulima wanaotia mbolea nyingi ni wachache. Mwani wa maji madogo unaumizwa zaidi na joto la bahari, ukipauka na kukatika vipande. Kama kuna uchafu wa nchi kavu unaowafikia, ningetazama kwanza makaro ya mahoteli na ya majumbani, maana jiwe letu ni la matundu na maji hupita ndani yake mpaka pwani. Humo mna fosforasi pia.

*Huku kwetu mikarafuu imekatwa, tumepanda muhogo mlimani. Nikitia TSP masika inakwenda wapi?*
Kijana, karibu na Wete

Inakwenda na udongo, mwanangu. Fosforasi haizami chini haraka kama nitrojeni. Inajishika kwenye chembe za udongo, hasa ule mwekundu wenu wenye chuma. Mvua ikikokota udongo, inakokota na mbolea. Simama darajani asubuhi ya mvua kubwa utazame mto unavyopita mwekundu kuelekea mikokoni. Ile ni pesa yako, na ni mwamba wa watu waliouchimba kwa taabu, unaingia tope.

Kwa hiyo TSP isubiri. Kwanza piga matuta ya kukinga mteremko, usilime kutoka juu kwenda chini. Panda majani ya tembo au mananasi kwa mistari, upate na chakula cha ng'ombe au cha kuuza. Pembezoni rudisha miche ya mikarafuu. Mifupa ya machinjioni iombe, wengi huitupa: ichome mpaka iwe myeupe na ivunjike kwa mkono, itwange, uichanganye na mboji. Kwenye udongo wako wenye uchachu itafanya kazi taratibu. Mabaki ya dagaa nayo, ila yafukie kina cha kutosha, la sivyo kunguru watakuwahi.