Kiinua mgongo cha mama tukiweke wapi?

SWALI: Habari dada, mama kastaafu ualimu mwaka huu, kiinua mgongo kimebaki milioni 30, mjomba anamwambia anunue bodaboda tatu, mi naona presha tu. Tufanyeje apate hela ya kujikimu?

JIBU: Pole mdogo wangu, bodaboda muache mama apumzike, hesabu za jioni na madereva kwa umri wake hapana kwa kweli. Kwanza toeni kama milioni 5 zikae benki kwa ajili ya matibabu, hizo msiziguse. Zinazobaki angalieni hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, zinauzwa na Benki Kuu ya Tanzania, kuanzia milioni 1 unaingia, mama anafungua akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hatifungani zake, kupitia benki au dalali, riba inaingia kila miezi 6, tuseme ni asilimia 12 basi milioni 25 zinampa milioni 3 kwa mwaka na mtaji wake unarudi muda ukiisha. Ila asichukue ya miaka 25 jamani, akitaka kutoka mapema itabidi auze sokoni na bei inaweza kuwa imeshuka. Akitaka hela ya kila mwezi, aulizie mfuko wa Bond wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja. Na akaunti iwe kwa jina lake mwenyewe, sio lako wala la mjomba.